Mshale wa Pikipiki Husema Kweli Kiasi Gani?

Chukua mfano wa pikipiki tatu zitokazo Muhutwe kuelekea Muleba mjini asubuhi moja. Zinaongozana kwa mwendo uleule, wala hakuna anayemwacha mwenzake. Dereva wa kwanza akitupa jicho kwenye dashibodi anaona mshale umetulia kwenye 50. Wa pili anaona 57. Wa tatu anaona sifuri, kwa kuwa waya wa spidi ulikatika siku nyingi naye hakuona haja ya kununua mwingine. Mbele yao kuna kibao cha 50, na mbele ya kibao kuna watoto wa shule wanaosubiri kuvuka. Ni yupi kati ya hao watatu anayeujua mwendo wake?

Wengi watajibu kuwa ni yule wa kwanza. Makala haya yataonesha kwamba jibu hilo si la hakika, na kwamba mwananchi yeyote mwenye pikipiki, au anayekodi bodaboda kwenda sokoni, shambani au Hospitali ya Kagondo, anaweza kuutafuta ukweli mwenyewe bila gharama yoyote ila muda kidogo.

Jinsi mshale unavyosogea

Katika pikipiki nyingi zinazofanya kazi ya bodaboda wilayani mwetu, kipima mwendo huanzia kwenye gurudumu la mbele. Ndani ya kitovu cha gurudumu kuna gia ndogo inayozungushwa na gurudumu lenyewe. Gia hiyo huzungusha waya mrefu uliomo ndani ya mpira mweusi, ambao mafundi huuita waya wa spidi, na waya huo hupanda hadi kwenye dashibodi.

Waya hauushiki mshale. Mwisho wake umefungwa sumaku ndogo inayozunguka ndani ya kikombe chembamba cha alumini bila kukigusa. Alumini hainatwi na sumaku, lakini sumaku inapozunguka karibu nayo huamsha umeme mdogo ndani ya kikombe, na umeme huo hukisukuma kikombe kifuate mzunguko. Kikombe kingezunguka moja kwa moja kama si springi nyembamba kama unywele inayokivuta nyuma. Nguvu hizo mbili zinapolingana, mshale uliofungwa kwenye kikombe husimama mahali fulani, nasi tunasoma namba. Ufundi huu ulipewa hataza huko Berlin mwaka 1902 kwa jina la Otto Schulze, na hadi leo ndio unaofanya kazi ndani ya pikipiki nyingi zinazopita mbele ya nyumba zetu.

Hapo tuone jambo la kwanza la maana. Kipima mwendo hakijui barabara. Kinachojua ni idadi ya mizunguko ya gurudumu tu, na kiwandani kilielezwa kwamba kila mzunguko ni urefu fulani wa barabara. Ukibadilisha urefu huo bila kukiambia, kitaendelea kusema ya zamani.

Jambo la pili ni kwamba tarakimu zinazohesabu kilometa, zile zilizomo ndani ya duara hilohilo, hazitegemei sumaku wala springi. Zinasukumwa na meno ya gia. Kwa hiyo mshale na hesabu ya kilometa ni mashahidi wawili wanaopokea habari kutoka kwenye waya mmoja lakini wanaieleza kwa njia tofauti. Mmoja anaweza kukosea huku mwenzake akisema kweli. Tutawahitaji wote wawili hapo mbele.

Pikipiki za kisasa zenye tarakimu za umeme hazina waya wa aina hiyo. Kuna kihisi kinachohesabu mizunguko ya gurudumu, na katika baadhi ya pikipiki kinahesabu mizunguko ya gia za injini. Hata hivyo kanuni ni ileile: kinachohesabiwa ni mizunguko, wala si ardhi.

Kwa nini mshale hutangulia mbele ya ukweli

Wenye viwanda wanajua kwamba hakuna springi mbili zinazofanana kabisa, na kwamba tairi hulika. Kwa sababu hiyo hawalengi mshale uwe katikati ya ukweli, mara juu mara chini. Wanaulenga juu kidogo makusudi. Kanuni Na. 39 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu vipima mwendo vya vyombo vya moto, inaweka msingi ulio wazi: mwendo unaooneshwa usiwe kamwe chini ya mwendo halisi. Kwa upande wa juu kanuni hiyo inaruhusu nafasi. Pikipiki zinazotoka kiwandani zinaruhusiwa kuzidisha hadi sehemu ya kumi ya mwendo halisi, na juu yake kilometa 8 kwa saa.

Tufanye hesabu. Pikipiki ikienda kilometa 50 kwa saa kwa kweli, sehemu ya kumi ni 5; ukiongeza 8 unapata 13. Basi mshale unaweza kusimama popote kati ya 50 na 63, na kipima hicho bado kikahesabiwa kuwa kizima. Kwa vitendo tofauti huwa ndogo kuliko hiyo, lakini dereva anayeona 57 huku akienda 52 au 53 hana sababu ya kumlaumu fundi.

Nafasi hiyo ya juu ni ngao. Humlinda dereva dhidi ya kuvuka kiwango bila kujua. Asitokee mtu akaigeuza kuwa mtaji kwa kusema, “Mshale huzidisha, basi nikiona 60 najua ni 50.” Maneno hayo yanaweza kuwa kweli kwa pikipiki yake leo, kisha yakawa uongo siku atakapobadilisha tairi.

Mambo yanayoupotosha mshale

La kwanza ni tairi na rimu. Tairi ya mbele yenye maandishi 2.75-17 ina mzunguko wa takribani sentimita 180. Akija mtu akaweka rimu na tairi ya 3.00-18, mzunguko unapanda hadi takribani sentimita 191. Gurudumu kubwa huzunguka mara chache zaidi katika kilometa moja, na mshale unapungukiwa kwa karibu sehemu 7 katika mia. Mshale uliokuwa ukisema kweli tupu sasa utaonesha 50 wakati pikipiki inakwenda zaidi ya 53. Kulika kwa tairi hufanya kinyume chake: mzunguko hupungua na mshale huzidisha, lakini kwa kiasi kidogo. Tairi iliyopoteza milimita 5 za mashavu yake hubadilisha hesabu kwa chini ya sehemu 2 katika mia. Upepo mdogo nao hupunguza kimo cha tairi, hasa pikipiki inapobeba mikungu ya ndizi au gunia la kahawa.

La pili ni kipima mwendo cha kuazima. Cha zamani kinapovunjika, wengi hununua chochote kinachoingia kwenye tundu la dashibodi. Waya unaweza kushika vizuri na mshale ukapanda kama kawaida, lakini kipima kilichotengenezwa kwa gia za pikipiki nyingine hutafsiri mizunguko kwa lugha nyingine. Hali ni hiyo pia fundi anapobadilisha kitovu cha gurudumu la mbele pamoja na gia yake. Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote, kwa sababu linaweza kuushusha mshale chini ya ukweli, nao ukionekana mzima.

La tatu ni sproketi. Katika nchi yetu ya milima, madereva hupenda kuweka sproketi kubwa ya nyuma ili pikipiki ipande mlima na mzigo bila kulia sana. Ikiwa kipima kinasoma gurudumu la mbele, badiliko hilo halikigusi. Ikiwa kinasoma gia za injini, kinaguswa. Sproketi ya meno 45 badala ya 42 itafanya mshale uzidishe kwa sehemu 7 katika mia. Ni vizuri basi kila mwenye pikipiki ajue kipima chake kinaanzia wapi. Atazame tu waya unapoelekea.

La nne ni uchakavu. Waya mkavu usio na grisi, au uliokunjwa sana, huufanya mshale utetemeke na kurukaruka. Springi iliyolegea kwa miaka mingi huuachia mshale upande kupita kiasi. Vumbi la barabara za changarawe na maji ya mvua yakiingia ndani ya kioo hukamilisha uharibifu.

Mshale uliokufa

Makosa yote hayo ni madogo yakilinganishwa na lile la dereva wa tatu. Mshale usiosogea ni jambo la kawaida mno barabarani. Sababu huwa nyingi. Wengine waya ulikatika wakaona si muhimu. Wengine hudai kwamba wanausikia mwendo kwenye injini na kwenye upepo.

Madai hayo hayasimami. Sikio na mwili huzoea. Dereva aliyetoka Bukoba kwenye lami kwa kasi, anapoingia katika makazi na kupunguza hadi 60, huhisi kama anatambaa, na yeye kwa uaminifu wake atakuapia kwamba yuko chini ya 50. Injini nayo hulia tofauti kulingana na gia, mzigo na mlima. Anayepima mwendo kwa hisia ni sawa na mwenye duka anayepima sukari kwa kiganja. Mkono wake unaweza kuwa mwaminifu, lakini mteja anahitaji mizani.

Zipo pia sababu zisizo safi. Waya ukichomolewa, hesabu ya kilometa husimama, na pikipiki iliyochoka huuzwa kama changa. Anayenunua pikipiki iliyotumika asiridhike na tarakimu ndogo. Atazame mpira wa pedali, meno ya sproketi na sehemu za kuwekea miguu, hivyo havichomolewi. Kwa walio katika mkataba, ambapo dereva hupeleka hesabu kwa mwenye chombo hadi pikipiki iwe yake, kilometa zinazosomeka ndizo zinazoonesha lini oili ibadilishwe kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa pikipiki daftari hilo ni tarakimu zile.

Jinsi ya kupima mwenyewe

Mizani ya sokoni na pampu ya mafuta hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Kwa mshale wa pikipiki yako, mkaguzi wa kwanza ni wewe. Ziko njia mbili rahisi.

Njia ya kwanza ni saa na nguzo za kilometa. Kando ya barabara kuu itokayo Bukoba kupitia Muleba kuelekea Biharamulo, tafuta kipande kilichonyooka na tambarare chenye nguzo mbili zinazoonekana, umbali wa kilometa moja kati yake. Chagua saa ambayo magari ni machache na hali ya hewa haina ukungu wala mvua. Mchukue mtu mmoja nyuma akiwa na saa ya simu. Nyote mvae kofia ngumu. Shikilia mshale kwenye namba moja, kwa mfano 50, kabla ya kufika nguzo ya kwanza, na usiubadilishe hadi upite ya pili. Mwenzako ahesabu sekunde. Kisha gawanya 3600 kwa sekunde hizo, nawe umepata mwendo halisi.

Sekunde 120 ni kilometa 30 kwa saa.
Sekunde 90 ni kilometa 40 kwa saa.
Sekunde 80 ni kilometa 45 kwa saa.
Sekunde 72 ni kilometa 50 kwa saa.
Sekunde 60 ni kilometa 60 kwa saa.

Ikiwa mshale ulisema 50 nawe ukatumia sekunde 80, kipima chako kinazidisha kwa 5, na hiyo ni hali njema. Ukitumia chini ya sekunde 72, mshale unakudanganya kwa upande wa hatari, na pikipiki iende kwa fundi. Rudia kipimo kwa kurudi ulikotoka, kisha uchukue wastani, ili upepo, mteremko mdogo na kosa la mkono visikupotoshe.

Njia ya pili ni simu yenye programu ya kupima mwendo kwa setilaiti. Simu hupokea mawimbi kutoka angani na kujua inasogea kwa kasi gani juu ya ardhi, bila kujali tairi wala springi. Ukishika mwendo mmoja kwenye njia iliyonyooka mahali pa wazi, namba yake huaminika. Ukiongeza au kupunguza mwendo huchelewa kidogo, na penye miti iliyofunga angani huyumba. Simu iwe mkononi mwa aliyekaa nyuma, wala si mkononi mwa dereva. Hakuna kipimo chenye thamani ya kumfanya dereva aondoe macho barabarani.

Baada ya hapo mwite shahidi wa pili. Andika hesabu ya kilometa, endesha kutoka nguzo moja hadi nyingine kwa kilometa 10, kisha isome tena. Pikipiki nyingi zina tarakimu ya mwisho yenye rangi tofauti, inayohesabu mita mia mia. Hesabu ikiwa sahihi lakini mshale umepotoka sana, ugonjwa umo ndani ya kipima chenyewe: springi, sumaku au mshale. Mshale na hesabu vikikosea pamoja kwa kiasi kilekile, tafuta kwenye tairi, rimu, gia ya gurudumu, au kipima kisicho cha pikipiki hiyo. Vyote viwili vikisimama, waya umekatika au gia yake imelika. Kwa maelezo hayo utaingia kwa fundi ukijua unachotaka, wala hutauziwa kipima kizima wakati ulihitaji waya tu.

Tofauti ya kilometa kumi

Huenda msomaji akauliza: je, 50 na 60 zina tofauti gani ya kulilia? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka ukomo wa kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na namba hiyo haikuwekwa kwa bahati.

Tuchukue madereva wawili wenye breki sawa kwenye lami kavu, breki zinazopunguza mwendo kwa kilometa 18 kwa saa katika kila sekunde. Wote wawili wanamwona mtoto akiingia barabarani kwa wakati mmoja, na kila mmoja anachukua sekunde moja kabla ya kukanyaga breki. Aliyekuwa kwenye 50 atakwenda mita 14 katika sekunde hiyo, na mita 19 nyingine akiwa kwenye breki. Atasimama kwenye mita 33. Aliyekuwa kwenye 60 atahitaji mita 44. Lakini la kutisha si zile mita 11 za ziada. Mahali ambapo wa kwanza amesimama kabisa, wa pili anapita bado akiwa na mwendo wa kilometa 38 kwa saa. Kwa mtoto aliyesimama kwenye mita ya 34, tofauti ya namba kumi kwenye dashibodi ni tofauti kati ya kushtuka na kugongwa.

Kwenye changarawe, kwenye utelezi wa mvua, au pikipiki ikiwa na mishikaki ya abiria wawili nyuma, umbali huo huongezeka kwa wote.

Na tochi ya askari wa usalama barabarani haisomi dashibodi yako. Hutuma mawimbi yanayogonga chombo na kurudi, nayo hupima mwendo halisi. Dereva mwenye mshale mzima unaozidisha kidogo ana uhakika kwamba akikaa chini ya 50 yuko salama mbele ya tochi. Mwenye mshale uliokufa hana la kujitetea.

Turudi kwa wale watatu

Sasa tuwapime madereva wetu wa mwanzo. Mtu aliyesimama kando ya barabara na saa anaona wanapita kilometa moja kwa sekunde 68. Gawanya 3600 kwa 68: wanakwenda karibu kilometa 53 kwa saa. Dereva wa pili, aliyeona 57, ana kipima kizima, nacho kilikuwa kikimwonya apunguze. Dereva wa kwanza, ambaye wengi tulimwamini, alibadilishiwa kipima kwa kile cha pikipiki ya aina nyingine. Amevuka kiwango huku akijiona mtiifu, naye atafanya hivyo kila siku hadi atakapopima. Wa tatu hajui lolote.

Ndugu mwananchi, mambo ya kufanya ni machache. Mwenye pikipiki, rudisha waya wa spidi uliokatika, uupake grisi, na upime mshale kila unapobadilisha tairi, rimu au kipima. Andika matokeo kwenye daftari la chombo. Mwenye chombo kilicho katika mkataba, usimwachie dereva peke yake gharama ya waya. Ni mali yako inayohesabiwa hapo. Viongozi wa vijiwe vya bodaboda, tengeni asubuhi moja ya Jumapili, mpime pikipiki za wanachama wote kwa saa moja na nguzo mbili. Abiria, kabla ya kupanda tazama dashibodi, na safari ikianza tazama kama mshale unapanda. Usipopanda, una haki ya kumwambia dereva, kwa heshima, kwamba hujui mnakwenda kasi gani, na kwamba yeye pia hajui.